Mafuta ya Ng'ombe juu ya Chuma cha Umuhoza

Kitshanga, 7 Februari 2021

Stéphane,

Weye mutoto, uliapa kwa kaburi ya mama yako ya kwamba utarudi wakati wa kuvuna maharage. Maharage gani? Tumevuna, tumekula, tumepanda tena, na wewe hata kivuli. Mbwa ya jirani Nzabandora ilipotea mwaka jana, ikarudi. Mbwa! Haikusoma, haikupanda ndege, lakini ilijua njia ya kwao.

Usinipigie simu. Antene ya hapa ilichomwa, nami nashukuru Mungu. Kwa simu unasema «niko sawa, Nyogokuru», halafu unakata. Barua haikatike. Mwenye kuandika ni Kasoki, yule Munande mwenye duka. Mimi nasema, yeye anaandika. Nikikutukana anaandika vilevile. (Naandika vilevile. Kasoki.)

Dada yako Umuhoza angali amelala. Tangu ile moto ya magurudumu mbili imuangushe kwenye muteremuko, mufupa wa paja ulivunjika pale juu kwenye nyonga, na daktari wa Goma anasema kichwa cha mufupa kimekufa. Kimekufa ndani ya muntu muzima, umeisha kusikia maneno kama hayo? Anasema atakitoa, aweke ingine ya chuma. Watu wa Rukundo, muchumba wake wa kule Kibua, walikuwa walete ng'ombe za mahari. Sasa wanatuma salamu. Salamu haina maziwa.

Kartoni uliyotuma na ile chuma imefika. Philippe, ndugu ya Kasoki, aliileta katika kamyo yake ya mizigo. Ulisema tuiweke tu, tuipeleke kwa daktari siku ya operasio. Nimeifungua. Usinune. Kitu kiingie ndani ya mutoto wangu bila mimi kukiona sura? Kuna plastiki, na ndani ya plastiki kuna plastiki ingine, kama kitunguu. Nikatoa chuma. Ni nyepesi kuliko nilivyofikiri. Kichwa chake kinangaa kama yai. Lakini mukia, pale pa kuingia ndani ya mufupa! Kavu, haikulainishwa, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Stéphane, katika Ulaya yote hakuna mutu mwenye tupa? Ulimununulia dada yako chuma ambayo fundi hakumaliza?

Jibu upesi. Operasio iko karibu.

Mimi nyogokuru yako, mwenye kuzaa mama yako, Mukandori. Hiyo doa ya wino ni kidole changu.


Liège, 1 Machi 2021

Nyogokuru mpenzi,

Nimekosa. Nitakuja. Lakini kwanza nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, ile uliyokuwa ukiniuliza nami nikakosa maneno.

Fundi alimaliza. Ule mkwaruzo ndio umaliziaji wenyewe. Chuma hicho kinaitwa titani. Kikiwa laini, wanakipiga kwa mchanga mkali unaosukumwa na upepo, kisha wanakichovya katika asidi, mpaka kinapata mashimo madogo ambayo jicho haliyaoni. Ndani ya mfupa kuna vitu vidogo vilivyo hai, tunaviita seli. Hivyo ndivyo vinavyojenga mfupa. Hapa ninavimwaga juu ya visahani vya titani, laini na vya kukwaruza, na kuviangalia. Juu ya laini vinajitandaza na kukaa bure. Juu ya kukwaruza vinashika, vinatulia, vinaanza kujenga. Wewe unajua kusimika fito za maharage. Ukichubua fito ikawa laini, haragwe linapanda, linateleza, linalala chini. Ukiacha ganda, linashika mpaka juu. Mfupa wa Umuhoza ni haragwe. Ule mkia ni fito yenye ganda.

Kwa hiyo nakuomba sana: usikisugue, usikishike. Hata mafuta ya vidole yanaziba yale mashimo. Na kwa sababu plastiki imefunguliwa, mwambie daktari ukweli, asikitumie. Nitatafuta kingine.

Mjukuu wako,
Stéphane


Kitshanga, 28 Machi 2021

Stéphane, mume wangu mudogo,

Imba! Chuma iko ndani. Umuhoza alishonwa, akaamuka, akaomba chai. Barua yako ilifika kisha, katika kamyo ileile iliyomurudisha, kwa hiyo usijisumbue kutafuta ingine.

Kasoki alinisomea mbele ya wamama wote. Ile ya maharage waliipenda. Lakini aliposoma pale unaogopa mafuta ya vidole, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Vidole! Mutoto wangu, mimi siyo mushenzi. Unafikiri nilipeleka chuma ya watu kavu namna ile? Jembe mupya haiingie udongo kavu. Mama yangu alinifundisha, na mama yake alimufundisha: unaisugua na majivu, unaipaka mafuta ya ng'ombe, unaiita jina ya mwenye ataitumia, njo inaingia. Jembe kavu inakula mukono wa mwenyewe. Sasa chuma ya kuingia ndani ya mwili, je? Nilikwenda kwa Nzabandora, nikamuomba mafuta ya maziwa ya ng'ombe yake ya kwanza kuzaa, siyo ile ya kuuza. Nikasugua ule mukia, nikaupaka mara ya kwanza, ikakunywa. Nikaupaka tena mpaka ikakataa kunywa. Nikasema: «Chuma, mwenye wewe ni Umuhoza. Umubebe.» Wamama wakaitika amina.

Daktari aliuliza kwa nini plastiki iko wazi. Nikamwambia ilipasuka njiani. Kasoki alinifinya mugongoni. Daktari akanungunika, akasema hakuna ingine, akaipika katika chungu yao ya mvuke, ile ya kuua microbe. Unaona? Majivu, mafuta, maombi, na mvuke ya wazungu juu. Hakuna chuma ilishaingia mwilini ikiwa safi kama ile.

Sema kama nilifanya vizuri. Napenda kusikia.

Mukandori


Liège, 19 Aprili 2021

Nyogokuru,

Ulifanya vizuri kumwombea. Ahsante.

Nina ombi moja tu. Umuhoza asiukanyagie ule mguu. Atumie bekiyi zote mbili, zile fimbo za kwapani, miezi mingi, hata akisema hana maumivu. Asipande kilima, asibebe maji. Nisikilize katika hili hata kama hunisikilizi katika mengine.

Nakupenda.

Stéphane


Kitshanga, 13 Juni 2021

Kaka Stéphane,

Ninaandika mwenyewe. Nyogokuru yuko shambani na Kasoki atatia hii ndani ya mzigo wa Philippe bila kusema.

Paja linaniwaka. Siyo pale walipokata, pale pamepona. Ni chini yake, katikati ya mfupa. Nikikanyaga ninasikia kitu kinashuka ndani, kidogo, kisha kinarudi, kama mchi ndani ya kinu. Ninakuambia hivyo kwa sababu wewe unajua mambo haya. Hapa nikisema wanacheka.

Bekiyi sina tena. Nyogokuru alizipasua kwa panga, akazisimika shambani, maharage yanazipanda. Nilipolia alisema: «Si mwenyewe Stéphane alisema mufupa ni haragwe? Haragwe haishike fito ikiwa imelala kitandani.» Kila asubuhi ananipeleka mpaka kisima cha juu na bidoni ya maji. Nikisimama ananipiga miguuni na fimbo ya ng'ombe, siyo kwa nguvu, lakini watu wanaona. Anasema: «Tembea, bibi arusi ya kitanda! Watu wa Kibua hawaoe gunia!» Jioni anapasha maji, ananikanda ule mguu mpaka anasinzia juu yake. Asubuhi fimbo tena.

Barua yako ilisema nisikanyage. Haikusema kwa nini. Unamjua. Ukimpa sababu anafuata, hata ikimuuma. Ukimpa amri bila sababu anaona umekuwa mzungu. Kwa nini hukusema sababu? Iko sababu?

Dada yako,
Umuhoza


Liège, 2 Julai 2021

Umuhoza,

Iko. Kaa chini kwanza.

Nyogokuru alipoandika habari ya majivu na mafuta, sikulala. Nikafanya jaribio ambalo hakuna aliyeniomba. Nilichukua visahani viwili vya titani, vyote vya kukwaruza. Kimoja nilikisugua kwa majivu na kukipaka siagi, kama yeye, kisha nikavitia vyote viwili katika mvuke. Nikamwagia seli za mfupa. Kesho yake nikatazama kwenye mikroskopu. Kwenye kisahani kisafi zilikuwa zimenyooka, zimetoa vidole, zimeingia kila shimo. Kwenye cha mafuta zilikuwa mviringo, kama matone ya mvua juu ya jani la coloquase, lile gimbi. Nilipokisuuza, karibu zote zilikwenda na maji. Mvuke unaua microbe. Mafuta hauyatoi, unayapika tu.

Kwa hiyo ninaogopa kwamba mfupa wako haujashika. Na chuma ambacho hakijashikwa, ukikitikisa kila siku, hakitashikwa tena. Usitembee. Jifanye una malaria, jifanye chochote. Mwambie Philippe akupeleke Goma wakupige radio, ile picha ya mfupa.

Lakini usimwambie Nyogokuru kuhusu mafuta. Ninakuomba kwa jina la mama. Alitulea sisi wawili kwa mikono ile. Akijua kwamba mikono ile ndiyo iliyoharibu, itamwua. Wewe ni kijana, utavumilia. Yeye hataweza. Acha libaki kati yetu.

Kaka yako,
Stéphane


Kitshanga, 10 Oktoba 2021

Stéphane,

Dada yako ametuaibisha.

Tangu mwezi wa saba alianza uvivu. Leo malaria, kesho tumbo, kesho kutwa hata hajibu, anaangalia ukuta. Nikamuambia: mufupa wako unaoza juu ya kukaa. Nikamuinua. Akasema, «Nyogokuru, niache, siwezi kukuambia.» Siwezi kukuambia! Mutoto niliyemutafunia chakula! Nikamutia bidoni mukononi, nikasema leo utafika kisima ao utalala inje. Akafika. Wakati wa kurudi mufupa ulipasuka. Nilisikia mwenyewe, kama mutu anavunja muwa. Akaanguka juu ya maji yake.

Tulimubeba na kipoyi ya miti, tukamutia katika kamyo ya Philippe. Kule Goma walimufungua tena. Daktari aliniita, akanionyesha chuma katika sahani. Anasema haikumupa kazi, ilitoka na vidole viwili, kama kisu inatoka ndani ya ndizi iliyoiva. Hakuna hata kipande ya mufupa juu yake. Safi, Stéphane, kama siku niliyoipaka. Wakaiacha inje. Hawataweka ingine, mufupa umekwisha. Pale pa nyonga hapana kitu, ni nyama tu. Muguu umekuwa mufupi, unaninginia, atatembea na fimbo mpaka kaburini.

Daktari aliuliza tena habari ya ile plastiki. Nilimuambia aniache na plastiki yake.

Nilituma neno Kibua. Sipendi watu wasubiri bure. Nilisema: musichana ni muvivu, alikataa kutembea, mufupa ukakataa chuma, mutafute mwingine. Nilisema mbele yake, asikie. Hakulia. Aliniangalia tu, na macho ile sijaielewa.

Wewe unaielewa? Mulikuwa mukiandikiana. Kasoki amenyamaza, lakini Kasoki akinyamaza najua kuna kitu ndani ya duka.

Mukandori

(Kaka Stéphane, mimi siwezi kubeba hii tena. Kasoki.)


Liège, 1 Novemba 2021

Mama Kasoki, tafadhali soma yote, usiruke neno, hata akikuambia nyamaza.

Nyogokuru,

Umuhoza si mvivu. Hajawahi kuwa.

Yale mafuta ndiyo yaliziba chuma. Nilijua tangu barua yako ya mwezi wa tatu. Nilijaribu hapa kwa mikono yangu na kuona seli za mfupa zikikataa kushika. Kwa sababu hiyo nilisema asikanyage. Sikukuambia sababu kwa kuwa niliogopa itakuvunja. Nilimwambia yeye, mwezi wa saba, na nikamwapisha kwa jina la mama asikuambie. Alipoangalia ukuta alikuwa anakulinda. Alipobeba ile bidoni alikuwa anakulinda. Ulipotuma neno Kibua alikuwa bado anakulinda.

Utaniuliza ni nini hasa kilichovunja: mafuta, ao kutembea? Siwezi kuapa. Mfupa unataka uso wa chuma ulio safi, na unataka chuma kitulie. Yeye alikosa vyote viwili. Labda kwa mafuta peke yake, kama angelala kimya, ungeshika kidogo kidogo. Labda la. Hakuna mashine hapa inayoweza kunijibu, na nimekwisha kuacha kuuliza.

Nisamehe.

Stéphane


Kitshanga, 5 Desemba 2021

Stéphane,

Kasoki alisoma yote. Nilimuambia arudie. Alirudia. Nilimuambia atoke, nikabaki na karatasi, nikaiangalia kama mutu anaangalia muto usiku, juu siwezi kuisoma. Halafu nikamuita tena.

Sitakufa. Uliogopa nitakufa? Mimi nilizika watoto watano na mama yako mumoja wao, nikachimba mihogo siku ileile juu mulikuwa mukilia njaa. Nani alikuambia naogopa kujua? Shule? Shule ilikuambia mwenye hajasoma ni yai, akiguswa na ukweli anapasuka?

Sikia. Mafuta njo yangu. Sikatae. Nilisugua, nilipaka, nilidanganya daktari mbele ya macho yake, na kama Mungu ataniuliza nitasema ni mimi. Lakini mwendo njo wako. Kila asubuhi ile nilikuwa na fimbo, mukono ulikuwa wangu na wewe ulikuwa umeushika. Ungeniandikia maneno matatu tu, «mafuta yameharibu, Nyogokuru», ningemubeba mugongoni mpaka mufupa uote ao mimi nianguke. Wewe unajua ningemubeba. Ukanipa «nakupenda». Nakupenda yako nilimupiga nayo dada yako.

Nilikwenda Kibua. Na moto, halafu na miguu, na magoti haya. Nilisimama mbele ya watu wa Rukundo wote, nikasema: musichana siyo muvivu, ni mimi niliharibu, na nilimusema vibaya kwa kinywa hiki. Mama ya Rukundo alinipa maji ya kunawa, akanipa ugali, akangoja nikamaliza. Akasema, «Asante kwa ukweli, Mama. Ungekuja mwezi uliopita. Tumeisha kuchukua binti wa kwa Uwizeye, na ng'ombe zimeisha kwenda.» Rukundo alikuwa pale. Hakuinua kichwa. Nilirudi.

Nilimuambia Umuhoza yote. Nilifikiri atanitukana, nilikuwa tayari, hata nilikaa chini ili mukono wake unifikie. Akasema, «Asante, Nyogokuru.» Kama mutu anamushukuru mugeni aliyemupisha njiani. Siku ya pili akaenda kukaa kwa Kasoki, nyuma ya duka. Anapima chumvi, anapima mchele, ameketi juu ya gunia, na gunia ile ni yake sasa. Mimi napeleka chakula kila mchana. Anasema asante. Kisha nikigeuka anawapa watoto ya jirani. Kasoki hakuniambia, niliona. Naendelea kupeleka. Kama chakula yangu inashibisha watoto ya watu, ishibishe.

Muguu huo ananyimia watu wote, hataki mutu auguse. Mimi njo nilikuwa nikiukanda. Mikono yangu jioni haina kazi, inakaa hapa juu ya magoti kama nyama ya kuuza.

Usilie huko. Ukilia huko unalia bure, hakuna mutu anakuona. Na wewe ungali wangu, mujinga mwenye kusoma, sikuwa na mwingine wa kupeleka mbali ili arudi na akili. Sasa rudi.

Ukija, usifike kwangu kwanza. Shuka kwenye moto mbele ya duka ya Kasoki. Sema mbele yake, kwa kinywa, siyo kwa barua: nilijua, nikakuomba uubebe ukweli peke yako. Akikufukuza, lala kwa Philippe, urudi kesho. Akikubali kukuleta huku juu, mwache atangulie. Njia ni ndefu na anaenda polepole sana, anasimama, anapumua, anatupa ule muguu mbele na mukono. Usimushike. Usimubebee kitu. Na hata mvua ikinyesha, hata watu wakikucheka barabarani, Stéphane, usimupite.

Mukandori